Usinipigie, Niandikie

Molo, Tororo
9 Aprili 2025

Mjomba Omaido,

Yoga, salamu yetu ya Kiteso. Huku tumeamka wote, na hiyo iwe salamu yangu ya kwanza. Mama anakusalimu. Goti lake limempumzisha wiki hii, amelima siku tatu bila kulalamika. Mvua imekuja vizuri na karanga zimeota, ila kuku wa jirani wamefukua mistari miwili na mama ameacha kumsalimu jirani. Yule mbuzi uliyemletea amezaa pacha, mmoja akafa.

Nimekupigia simu tangu Machi. Inaita mpaka inakatika. Nikampigia Mama Edwin, akasema uko kazini. Nikampigia saa ya chakula, akasema uko kazini. Nikampigia Jumapili, akasema umelala. Halafu ikaja meseji yako: "Usinipigie. Niandikie." Basi naandika, kwa Kiswahili kile kile cha miaka saba niliyokaa kwenu nikisoma. Simu yangu kubwa ilipasuka kioo, hii ya batani haiwezi kubeba maneno mengi. Ikiring anakuja Busia na magunia yake ya karanga, ataifikisha barua dukani kwako.

Jambo lenyewe ni ile kompyuta uliyonifungia hapa dukani mwaka juzi. Inajizima na kujiwasha yenyewe. Siigusi, wala hainipi onyo. Niko katikati ya sentensi, skrini inakuwa nyeusi, kisha naona inaanza upya kama mtu aliyeshtuka usingizini. Wiki iliyopita nilikuwa nachapa ratiba ya mazishi ya mzee mmoja wa Paya, watoto wake wawili wamekaa kwenye benchi hapo nje wakingoja. Ikajizima mara tatu. Mara ya tatu yule binti akaniambia, "Dada, tuandikie tu kwa mkono. Baba hatakasirika." Nikaandika kwa mkono. Aibu niliyoona siwezi kuieleza.

Na kuna kubwa zaidi. Mwalimu mkuu Herbert ameniahidi mitihani ya majaribio ya darasa la saba, shule tatu kwa pamoja. Nichape, nitoe nakala, nifunge kwenye bahasha, yote yawe tayari tarehe nne Julai. Nikishindwa ataipeleka Tororo mjini, na akishaipeleka huko hatarudi kwangu. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Aanyu

Busia, upande wa Kenya
17 Aprili 2025

Mpwa wangu Aanyu,

Barua yako ilinifikia ikiwa na vumbi la karanga, nikaisoma nimesimama. Mama Edwin hajambo. Ameanza kufuga kuku wa mayai na nyumba nzima inanuka, lakini hilo halisemwi. Edwin amehamishwa kazi kutoka Nakuru kwenda Nairobi. Mwambie dada yangu goti likipumzika siku moja asilipeleke shambani siku tatu. Mimi niko.

Sasa mashine. Kompyuta ikijizima hivyo, ninashuku vitu vinne: umeme unaoingia, joto lililo ndani, kumbukumbu iliyolegea kwenye nafasi yake, au programu iliyoharibika. Usinunue kitu chochote. Usiipige kofi. Kwanza tujue ni lipi.

Chukua daftari, uliweke karibu na kibodi. Kila ikijizima andika saa, ilikuwa imewaka dakika ngapi, ulikuwa unafanya nini, na kama taa ya dukani ilififia. Taa ikififia pamoja nayo, tatizo liko kwenye nguzo ya umeme, siyo kwenye kisanduku. Pia, kwenye mipangilio ya mfumo kuna tiki inayoiambia mashine ijiwashe upya kosa likitokea. Nimekuchorea njia ya kuifikia nyuma ya karatasi hii. Iondoe tiki hiyo. Kama kosa ni la programu au kumbukumbu, safari hii utaona ukurasa wa buluu wenye maandishi, uyanakili yote. Kama inakatika tu bila ukurasa wowote, tutaangalia umeme na joto. Chomeka pia kwenye soketi nyingine ya ukutani, uone kama kuna tofauti.

Na swali la mwisho. Je, tangu nilipokifunga kile kisanduku mwaka juzi, kuna mtu yeyote aliyekifungua? Nijibu hilo vizuri.

Mjomba wako,
Omaido

Molo
2 Mei 2025

Mjomba,

Tunashukuru kwa sukari na dawa ya goti. Eyalama, mama amesema niandike hivyo hivyo kwa Kiteso ili ujue ni yeye. Pasaka ilipita vizuri, lakini tulikungoja. Kanisani walikuwa wamekuwekea masomo kama kila mwaka. Ulipokosa kutokea wakampa Eriku, akayatafuna majina ya wale watu wa Agano la Kale mpaka watoto wakacheka. Mama alikasirika. Alisema ndugu yake hawezi kukosa Pasaka kwa sababu ya duka. Nilimuuliza Ikiring kama unaumwa. Akasema "Mjomba wako yupo," akaanza kufunga magunia yake upya, magunia ambayo yalikuwa yamefungwa tayari.

Daftari nimeliweka. Siku kumi na moja, imejizima mara thelathini na nne. Taa haikufifia hata mara moja. Nimebadilisha soketi, ni vilevile. Tiki nimeiondoa na ukurasa wa buluu haujaonekana. Inakatika tu, giza, kisha inaanza. Nimegundua jambo moja. Asubuhi nikiiwasha inakaa dakika ishirini na tano, thelathini. Ikishajizima mara ya kwanza, ya pili inakuja baada ya dakika kumi, ya tatu baada ya sita. Nikiifunga kabisa niende kula, nikirudi inanipa tena dakika ishirini. Saa nane mchana, bati la paa linapowaka, haifiki dakika tano.

Mwalimu Herbert alipita jana. Akasimama mlangoni, "Madam, mashine inaendeleaje?" Nikasema inaendelea. Wakati ule ule ikajizima. Akatazama skrini, akanitazama, akasema, "Sawa. Tarehe nne ya Julai," akaenda zake.

Naomba jambo moja. Nipe siku na saa nikupigie. Nitaiweka simu mezani kwenye spika, unielekeze hatua kwa hatua huku nikiwa na bisibisi mkononi. Barua inachukua wiki mbili, na mimi sina wiki nyingi.

Aanyu

Busia
12 Mei 2025

Aanyu mpwa wangu,

Tumepokea muhogo mkavu, Mama Edwin ameshausaga. Edwin amepata nyumba Nairobi, analalamika kuhusu maji. Mwambie dada yangu Pasaka nilikwama. Foleni ya mpakani ilikuwa ndefu na nilikuwa na kazi ya watu. Eriku atajifunza.

Daftari lako ni zuri kuliko la mafundi ninaowafahamu. Kinachopona kikipumzika na kuzidiwa mchana ni joto. Mashine ina chipu ya mraba katikati, prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu zote, na inachemka kama sufuria. Juu yake kuna chuma chenye mbavu mbavu, na juu ya chuma kuna feni. Joto lisipotoka, mashine inajikata ili isiungue. Kwa hiyo inajilinda.

Fanya hivi. Ikishajizima, inapoanza tu, bonyeza kitufe cha Delete mfululizo mpaka uone ukurasa wa kijivu. Tafuta mstari wenye herufi CPU na nambari inayofuatwa na herufi C. Andika nambari hiyo. Ikiwa hamsini, nimekosea. Ikiwa zaidi ya themanini na tano, niko sahihi. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, ngoja, gusa chuma cha dirisha ili utoe umeme wa mwili wako, ufungue ubavu wa kisanduku. Azima pampu ya baiskeli, upulize vumbi lote, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke. Usitumie mdomo, mdomo una maji. Kisha uiwashe ikiwa wazi, uone kama feni inazunguka.

Feni ile ina miguu minne ya plastiki inayoingia kwenye bodi. Nilipoifunga niliipaka kila mguu tone la rangi nyekundu ya kucha, ya Mama Edwin. Niambie kama rangi ipo, na kama haijakatika.

Simu hapana. Fuata barua.

Hukunijibu swali la mwisho la barua yangu ya kwanza.

Omaido

Molo
26 Mei 2025

Mjomba,

Salamu kutoka kwa mama. Yuko salama, na karanga zinatoa maua. Sina habari nyingine za nyumbani leo.

Nambari ilikuwa 94. Nikapuliza vumbi, likatoka la kutosha kujaza kikombe. Feni inazunguka. Siku mbili za kwanza mashine ilikaa dakika arobaini, nikafurahi. Siku ya tatu ikarudi pale pale. Nambari sasa ni 91.

Jumamosi nilikuwa nimeifungua, mikono yote imejaa vumbi, sijui kile ninachokiona ni mguu wa feni au ni nini. Nikakupigia. Najua ulinikataza. Ikapokelewa. Nikasema, "Mjomba, ni mimi, niko mbele ya mashine, mguu mmoja wa feni unacheza." Nikangoja. Nilisikia pikipiki zikipita huko kwenu, nikasikia mtu anavuta pumzi karibu kabisa na simu. Nikasema, "Mjomba, unanisikia?" Ikakatwa.

Mama alinikuta nimekaa chini. Nikamwambia natafuta skrubu.

Najua kwa nini hutaki kuongea nami. Umesikia ya Tororo. Basi nikueleze mwenyewe. Januari mashine ilianza kupiga kelele, feni inalia kama debe. Nilikupigia siku nne, simu yako ilikuwa imezimwa. Nilikuwa na kazi ya watu. Nikaifunga kwenye kanga, nikaipeleka Tororo kwa fundi mmoja anayeitwa Arthur. Aliing'oa feni mbele yangu. Akaitia mafuta. Chini ya kile chuma kulikuwa na kitu cheupe kimekauka, akakifuta chote kwa kitambaa, akasema, "Hii uchafu tu, madam. Mimi nasafisha." Aliporudisha feni nikasikia kitu kimelia tap. Nikamuuliza, akasema hakuna shida. Kelele ikaisha, nikarudi Molo nikifurahi. Mwezi uliofuata ikaanza kujizima.

Rangi nyekundu haipo. Nilijua haitakuwepo tangu nilipoisoma barua yako. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, uliniambia nisimpe mtu mwingine mashine, nami nilimpa. Nilidhani ukijua utaniachia nihangaike peke yangu. Sasa naona umejua na umeniachia nusu: unaniandikia, lakini sauti umeninyima. Nisamehe. Ukitaka kunigombeza, pokea simu unigombeze.

Aanyu

Busia
1 Juni 2025

Aanyu,

Mama Edwin anakusalimu. Amekaa hapa mkabala nami, na ndiye aliyesema barua hii iandikwe leo.

Sijakukasirikia. Habari za Tororo nimezipata kwako. Ikiring hakusema lolote kuhusu wewe, kama ambavyo hakukuambia lolote kuhusu mimi, kwa sababu nilimwomba.

Sauti yangu ilianza kukwaruza mwaka jana, wakati wa mavuno. Nilidhani ni vumbi la mashine. Nikanywa tangawizi na asali, nikanunua peremende za koo. Mama Edwin akasema twende hospitali, nikasema nikimaliza kazi hii. Nikimaliza hiyo inakuja nyingine. Krismasi niliposoma pale Molo uliniambia, "Mjomba, leo umesoma kwa upole." Haukuwa upole. Ndiyo sauti iliyokuwa imebaki.

Januari nikaenda. Daktari, dada mdogo mwenye umri kama wako, akaniingizia kamera nyembamba puani akanionyesha kwenye skrini. Miaka yote nimekuwa nikiwaonyesha watu kilichoharibika ndani ya mashine zao. Siku hiyo nilikaa upande mwingine wa meza. Akasema kuna uvimbe kwenye sanduku la sauti, na ni saratani. Ukiachwa utaniua. Ukitolewa, unatoka pamoja na sauti. Nikauliza, "Yote?" Akasema, "Yote, mzee." Nikauliza lini. Akasema Jumanne.

Walinipasua tarehe 21 Januari. Sasa napumua kwa tundu lililo hapa chini ya shingo, nalifunika kwa kitambaa chepesi. Wanasema uvimbe wameutoa wote. Narudi kuangaliwa kila miezi miwili. Nakula, natembea, nafanya kazi. Sisemi.

Jumamosi ile ni mimi niliyepokea. Jina lako lilikuwa kwenye skrini na kidole kikabonyeza kabla sijafikiri. Nilisikia kila neno, na kuhusu mguu unaocheza nilikuwa na jibu tayari. Nilishindwa hata kugonga meza ujue nipo. Nikakata.

Siku zile nne ulizonipigia Januari, simu yangu ilikuwa imezimwa ndani ya begi la Mama Edwin, hospitalini. Ulimpelekea Arthur kwa sababu mimi sikuwepo, na hukujua niko wapi kwa sababu sikukuambia. Hilo siwezi kukubebesha wewe.

Kwa nini niliwaficha? Nimeandika sababu hapa mara tatu nikaikata. Niliogopa dada yangu atapiga simu, aseme na kusema, na upande wa pili asisikie chochote. Hiyo ndiyo sababu niliyo nayo. Nikiisoma sasa naiona ndogo. Msomee barua hii. Msomee yote.

Sasa mashine. Kile cheupe alichokifuta hakikuwa uchafu. Ni pesti inayopeleka joto kutoka kwenye prosesa mpaka kwenye chuma. Bila hiyo, na mguu mmoja umevunjika, chuma kimekaa juu ya chipu kama kofia iliyopinda. Feni inazunguka bure. Ndani ya kifurushi kuna bomba la sindano. Siyo dawa ya mtu, ni pesti. Kuna pia feni na chuma chake vyenye miguu minne mizima, nimevitoa kwenye mashine iliyokufa ya aina ile ile. Ing'oe ya zamani kwa kuzungusha vichwa vya miguu kinyume cha saa. Futa prosesa kwa pamba yenye spiriti, usiitoe mahali pake. Weka pesti kiasi cha punje moja ya mchele, katikati, usiipake kwa kidole. Teremsha chuma wima. Bonyeza miguu kwa mshazari, wa kushoto juu kisha wa kulia chini, mpaka kila mmoja ulie. Huo ndio mlio mzuri. Pindua bodi ukiweza, uhakikishe miguu yote imetokeza upande wa pili. Kisha rudisha waya wa feni. Wengi wanausahau.

Omaido

Molo
12 Juni 2025

Mjomba,

Salamu zangu leo hazina maneno mazuri, zipokee hivyo hivyo.

Nilimsomea mama chini ya paa la jikoni, akichambua maharagwe. Nikafika mwisho. Akaniambia, "Soma tena pale pa Jumanne." Nikasoma. Akainuka, akaenda kusimama kwenye shamba la karanga, akarudi macho yake mekundu lakini hakuruhusu niulize. Akasema, "Tangu Januari. Mimi nimekuwa namsema vibaya kwa watu kuhusu Pasaka, kumbe mtu amekatwa shingo." Ikiring alipokuja kuchukua magunia, mama hakumpa kiti. Ikiring akasimama. Akasema, "Dada, alinishika mkono, akaandika kwenye kitabu: usimwambie dada yangu. Ningefanya nini?" Mama akaleta kiti.

Mimi nina hasira nawe, mjomba. Nakuandikia ujue. Niliulizwa kama kuna mtu aliyefungua kisanduku, na aliyeniuliza alikuwa amefunguliwa mwenyewe na hasemi. Hasira hii itaisha, lakini bado.

Nilifanya kama ulivyoandika. Feni ya zamani ilitoka na mguu wake mmoja ukaanguka mezani vipande viwili. Prosesa ilikuwa kavu kabisa. Niliweka pesti nyingi mno, nikafuta, nikarudia. Miguu mitatu ililia. Wa nne ulikataa, nikaubonyeza mpaka nikaogopa bodi itapasuka, ndipo ukalia. Nikausahau waya wa feni, nikakumbuka mstari wako wa mwisho kabla sijaiwasha.

Nambari ni 46.

Iliwaka asubuhi mpaka jioni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikaanza kuchapa mitihani, nikaituma kwenye printa, na mashine ikajizima. Nilitaka kulia. Nikachukua daftari. Ilikuwa imewaka kwa muda wa saa mbili, nambari 47, na safari hii taa ilififia kidogo. Nikaijaribu tena: ikajizima pale pale printa ilipoanza kuvuta karatasi ya kwanza. Printa na mashine nilikuwa nimezichomeka kwenye ekstensheni moja. Mwezi wa nne, nilipobadilisha soketi, niliihamisha ekstensheni yote, kwa hiyo sikuona tofauti. Sasa printa nimeipa soketi yake ya ukutani. Nimetoa kurasa mia mbili na mashine haijatikisika. Hilo nimelipata mwenyewe, ulikuwa huko Busia hujui.

Mama anakuja wiki ijayo pamoja na Ikiring. Hakuniomba nikuulize kama ni vizuri. Mimi siwezi kuacha mitihani.

Aanyu

Busia
4 Julai 2025

Mpwa wangu,

Dada yangu ameondoka jana baada ya siku kumi na mbili, na nyumba imenyamaza. Kuku wa Mama Edwin wanataga. Edwin ametuma picha ya tangi la maji alilonunua.

Nikueleze alivyofika. Nilikuwa dukani, kichwa ndani ya mashine ya mtu. Akasimama mbele ya kaunta na begi lake kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, hata nilikuwa nimeandika kwenye daftari maneno ya kumtuliza. Akaniangalia shingo, kitambaa, uso. Akasema, "Umekonda." Akaomba maji. Akakaa kwenye kiti cha wateja mpaka jioni akinieleza habari za Molo tangu Krismasi, moja baada ya nyingine, nani ameoa, nani amegombania mpaka wa shamba. Kila nilipotaka kuandika jibu, alikuwa ameshahamia habari nyingine. Nilicheka. Nikicheka sasa hakuna mlio, ni mabega tu. Aliyatazama mabega, akaendelea.

Kulia alilia siku ya nne, nilipobadilisha kitambaa mbele yake. Alishika bakuli la maji mpaka nikamaliza.

Kuhusu hasira yako, umeandika kweli. Kuhusu ekstensheni, ningepaswa kukuuliza tangu mwanzo printa imechomekwa wapi. Sikuuliza. Umenishinda hapo.

Leo ni tarehe nne. Nadhani bahasha zimefika kwa Mwalimu Herbert au hazijafika, niandikie.

Dada yangu anataka nije kwenye shukrani ya mavuno, Jumamosi ya tarehe 26. Nimekubali. Lakini nitafanya hivi: nitavuka mpaka alasiri, nitapanda bodaboda mpaka nyumbani moja kwa moja, nifike kiza kimeingia. Unajua senta ya Molo, kule madukani. Kutoka barabarani mpaka kwenu ni watu thelathini, na kila mmoja atanisalimu, ataniuliza za Kenya, za nyumbani, za watoto. Miaka yote niliwajibu nikiwa mbali, mpaka watu wa upande wa pili wa soko wakajua nimekuja. Sasa nikipita kimya watasema Omaido amekuwa na maringo. Afadhali wasinione. Waambie tu wa nyumbani.

Omaido

Molo
14 Julai 2025

Mjomba,

Mama amerudi salama, amenona, anasema Mama Edwin amemshibisha mayai. Tumeanza kung'oa karanga. Goti limerudia, lakini anang'oa amekaa. Mbuzi ni mzima.

Bahasha zilifika kwa Mwalimu Herbert tarehe tatu saa kumi, siku moja kabla. Alizihesabu mbele yangu, akafungua moja akasoma ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Akasema, "Madam, muhula wa tatu usimpe mtu mwingine nafasi yangu." Nikasema nitaangalia. Nilipofika nyumbani nililala mpaka asubuhi bila kula.

Hasira imepungua. Nilidhani ingechukua muda mrefu zaidi.

Kuhusu kuja kwako, sikuwaambia wa nyumbani tu. Usinigombeze. Nilipita senta mlango kwa mlango, siku mbili, nikaanzia kwa fundi wa baiskeli. Nilisema hivi kwa kila mmoja: mjomba Omaido alikuwa na saratani ya koo, walimpasua, amepona, sauti imeondoka, anakuja tarehe 26. Wengine walishika mdomo. Eriku alikaa chini, akauliza kama aendelee kusoma masomo yako kanisani, nikamwambia aendelee. Mama Achola, anayeuza samaki wadogo pale mwanzo wa soko, alinisikiliza mpaka mwisho akiendelea kupepea nzi. Nikamwambia unaogopa watu watadhani una maringo kwa sababu huwezi kujibu salamu. Akaniuliza, "Kwani mkono pia walimkata?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi?" na akageukia mteja.

Kwa hiyo usije kiza kimeingia. Vuka mpaka asubuhi, ushuke barabarani saa nne, soko likiwa limejaa. Tutakungoja hapo. Mama atatembea kulia kwako, mimi kushoto. Wewe utainua mkono, na kila atakayekusalimu, sisi tutamjibu.

Aanyu